Krimu yangu ya mshubiri na mafuta ya nazi imeota ukungu siku ya tisa: nilikosea wapi?

Binti wa Chumbageni, Tanga

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Chumbageni, na ninaleta kwenu jambo lililonikosesha raha wiki nzima. Tangu nilipojifungua, mashavu yangu yamebaki na madoa meusi yaliyotokea wakati wa ujauzito. Mwaka jana nilinunua kwa mtu kikopo cha krimu kisichokuwa na jina la mtengenezaji wala maelezo ya vilivyomo. Kwa siku kumi nilifurahi kwa kuwa uso uling'aa, kisha ngozi ikaanza kuwasha, ikawa nyekundu na laini mno, hata maji ya kunawa yakawa yananiuma. Niliacha, nikaapa kwamba kitakachogusa uso wangu tena kitakuwa ni kitu nilichokitengeneza kwa mkono wangu na ninachojua kilikotoka.

Basi wiki tatu zilizopita nilijaribu. Nilichukua kikombe kimoja cha chai cha mafuta ya nazi niliyopika nyumbani, vijiko vinne vya ute wa mshubiri nilioupanda uani, vijiko viwili vya marashi ya waridi na robo kijiko cha manjano, nikavisaga pamoja kwenye blenda mpaka vikawa mchanganyiko mzito wa rangi ya samli. Asubuhi niliukuta umejitenga, mafuta juu na maji ya njano chini, nikautikisa na kuutia ndani ya friji. Siku ya tisa nilipofungua kifuniko niliona pembeni mwa kopo duara dogo la kijivu lenye manyoya, mfano wa ule ukungu unaoota juu ya mkate. Na wifi yangu, niliyemgawia kikopo kimoja kwa mapenzi, alikuwa ametokwa na vipele vidogo vidogo paji lote la uso.

Ninaomba mnieleze ni kitu gani hasa kilichoharibu krimu hii, ilhali kila nilichotia kilikuwa safi na cha asili, na kama ipo njia ya kutengeneza kitu cha kupaka usoni kikakaa angalau mwezi mmoja. Nauliza pia kwa sababu akina mama wenzangu wa kikoba wameanza kuniambia niwauzie, nami sitaki kumuuzia mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui.

Mpika Nazi, Pangani

Waalaikum salaam, mwanangu. Pole sana, na mpe wifi yako pole. Mimi nimepika mafuta ya nazi tangu nikiwa mwari, kwa hiyo nitasema juu ya mafuta, na mengine nitawaachia wanaoyajua.

Umesema mafuta ulipika mwenyewe, lakini hukutuambia ulipikaje, na hapo ndipo ninapotaka uanzie kujiuliza. Mafuta ya nazi yanayoharibika upesi karibu kila mara ni yale yaliyoepuliwa kabla maji hayajaisha ndani yake. Mimi hukuna nazi zilizokomaa barabara, nikakamua tui zito kwa kifumbu, nikaliacha usiku kucha likiwa limefunikwa. Asubuhi yale mazito huwa yameelea juu na maji yamekaa chini. Huyaengua yale mazito peke yake na kuyatia kwenye sufuria kwa moto mdogo wa makaa. Mwanzoni sufuria hulia sana, inachemka na kutoa povu, na kelele hiyo ni ya maji yanayotoka. Mpishi mwenye haraka huona mafuta yameanza kujitenga akaepua. Wewe ngoja. Ngoja mpaka sufuria inyamaze, povu likatike, na mashapo yageuke rangi ya kahawia bila kuungua. Chuja kwa kitambaa kikavu, mimina kwenye chupa kavu, na ninaposema kavu sina maana ya iliyopanguswa, nina maana ya iliyooshwa, ikaanikwa juani na kukaa mdomo chini mpaka isibaki hata tone. Mafuta ya namna hiyo nimeyaweka miezi mingi ndani ya kabati bila kubadilika harufu.

Jambo la pili ni kwamba wazee wetu hawakuwa wakiweka akiba ya kitu chenye maji. Liwa, ule mti wa manukato wa kupaka usoni, ilikaa ikiwa kipande kikavu au unga mkavu. Msichana alipotaka kujipaka alisugua kiasi chake juu ya jiwe kwa matone ya marashi, akapaka, akaliacha likauke, akanawa. Kilichobaki kilimwagwa. Manjano ilikuwa hivyo hivyo, na singo ya kumsugulia bibi harusi mwili vilevile, ilitengenezwa siku yake ikatumika siku yake. Ninyi wa leo mmechukua vitu vile vile vya bibi zenu, mkavitia maji na kuvifungia ndani ya kopo, kisha mnashangaa vinapooza.

Fundi Sabuni, Dunda (Bagamoyo)

Shikamoo bibi, na asante, kwa kuwa umesema kwa maneno machache jambo ambalo mimi lilinigharimu fedha kulielewa. Dada wa Chumbageni, kosa lako ni lile lile nililofanya mimi nilipoanza. Nilitengeneza makopo ishirini ya krimu ya mshubiri, nikawauzia majirani wa Magomeni, na wiki ya pili nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiyaomba yarudi na kurudisha pesa za watu. Siku ile nilijifunza kwamba neno asili halina maana ya kudumu. Mchicha pia ni wa asili, na hakuna anayetarajia uwe mbichi baada ya siku tisa.

Vijidudu vya ukungu na bakteria vinahitaji maji ili viishi na kuzaana. Ndani ya mafuta matupu haviwezi kuota, lakini ulipoongeza ute wa mshubiri, ambao karibu wote ni maji, pamoja na marashi, uliviandalia makazi na chakula. Friji huvipunguzia kasi tu, haiviui. Na duara uliloliona pembeni si ukungu wote, ni ile sehemu iliyokomaa ikaonekana. Nyuzi zake huwa zimekwisha kupenya ndani, na bakteria hawaonekani kabisa. Kwa hiyo usijaribu kuengua sehemu ile na kutumia iliyobaki. Mwaga yote, na kikopo cha wifi yako kimwagwe pia hata kama kinaonekana kizima.

Kujitenga kwake nako kuna sababu yake. Blenda haiunganishi mafuta na maji, inayavunja mafuta kuwa matone madogo sana yaliyotawanyika, na matone hayo yakitulia hukutana tena na kupanda juu. Ili yabaki yametawanyika inatakiwa kitu ambacho upande mmoja kinashika maji na upande wa pili kinashika mafuta, na hicho ndicho kiunganishi. Watu wengi wanadhani nta ya nyuki inafanya kazi hiyo. Nta peke yake inaongeza uzito tu. Vilevile mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, na kwa joto letu la pwani huwa ni maji mchana kutwa, kwa hiyo krimu inayotegemea mafuta hayo ili iwe nzito itakuwa imara ndani ya friji na itakuwa mchuzi mezani.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: acha maji kabisa. Tengeneza mafuta mazito ya nta, ambayo si krimu kwa maana kamili lakini uso utayapokea vizuri yakipakwa kidogo sana juu ya ngozi iliyo na unyevu bado, mara tu baada ya kunawa. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, gramu 10 za nta safi ya nyuki na gramu 60 za mafuta. Weka vyote kwenye bakuli la chuma au la kioo kinachostahimili joto, bakuli liketi juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi na haina haja ya kuguswa na moto wenyewe. Ikishayeyuka yote, chovya ncha ya kijiko kilichokaa kwenye friji, usubiri dakika moja, kisha usugue kwa kidole: ikiwa ni ngumu mno ongeza mafuta kidogo, ikiwa inateleza kama mafuta ya taa ongeza nta. Mimina kwenye vikopo vidogo vilivyo vikavu kabisa na uviache wazi mpaka vipoe, maana ukifunika vikiwa na joto mvuke utageuka matone chini ya kifuniko, na matone hayo ni maji yale yale tuliyokuwa tunayakimbia.

Kuhusu aina ya mafuta, huenda hapo ndipo wifi yako alipoumia. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini na kwenye nywele, lakini usoni huwazibia baadhi ya watu vinyweleo, hasa wenye ngozi inayotoa mafuta mengi, na dalili yake ni vile vipele vidogo vya paji la uso. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni nazi na si ukungu, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa ndani ya kopo moja. Hata hivyo ningetumia mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri, au ya ufuta yasiyokaangwa, kisha nazi iwe robo tu au isiwepo. Nyinyi wa Tanga mna bahati ya nta, kwa kuwa Handeni wanafuga nyuki. Lakini nta ya kienyeji mara nyingi ina masizi na vipande vya masega, hivyo iyeyushe kwanza ndani ya maji, uichuje kwa kitambaa, uiache igande juu kama sahani, kisha ukwangue uchafu ulioshika upande wa chini na uianike hadi ikauke. Tumia sufuria kuukuu ambayo hutaipikia tena.

Krimu ya kweli, yenye maji, inawezekana nyumbani, lakini inadai nidhamu. Katika gramu 100 mimi hutia maji gramu 70, mafuta gramu 20, nta maalumu ya kuunganisha maji na mafuta gramu 6, gliserini gramu 3, na kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia ukungu na bakteria, gramu 1. Maji na mafuta hupashwa kila kimoja katika chombo chake hadi nyuzijoto 70, ndipo huchanganywa na kukorogwa bila kuacha, na kihifadhi hutiwa joto likishashuka chini ya nyuzijoto 40. Kihifadhi kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili ya vipodozi na kipimo chake kisomwe kwenye lebo. Cha fenoksiethanoli, kwa mfano, hakizidi hiyo gramu 1 katika 100. Msidanganywe kwamba vitamini E au asali kidogo itafanya kazi hiyo. Vitamini E inachelewesha mafuta kuvunda, haizuii ukungu.

Tahadhari moja ambayo siachi kuisema kila ninapofundisha: maji yanayohitajika ni yale yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, na kijana niliyemtuma kuyanunua alikwenda gereji akaomba maji ya betri. Alichopewa kilikuwa ni tindikali. Tulijua kwa sababu tone moja lilidondokea kanga yangu na kuitoboa pale pale. Jina lile moja linatumika kwa vitu viwili, na kimoja kati ya hivyo kingemtoa mtu jicho.

Mkaazi wa Raskazone

Nawashukuru wote, nimejifunza mengi. Ninalotaka kuongeza ni kwamba dada analalamikia madoa, na mafuta ya nta hayaondoi madoa. Mama yangu mdogo alikuwa akichanganya maji ya ndimu na manjano, wakati mwingine na magadi kidogo, akipaka jioni na mara nyingine asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na ngozi yake ilikuwa ikitakata. Je, hilo si bora zaidi, na ni la asili kabisa?

Muuguzi Mstaafu, Makorora

Ndugu wa Raskazone, nakuheshimu wewe na mama yako mdogo, lakini hilo siwezi kuliacha lipite, kwa sababu nimewahudumia watu walioungua nalo. Maji ya ndimu na ya limau ni makali sana, ilhali ngozi yenye afya ina uchachu mdogo tu, na huo uchachu mdogo ni sehemu ya ulinzi wake. Magadi yanavuta upande wa pili na kuuondoa ulinzi huo huo. Juu ya hayo, ndimu ina viambato ambavyo vikikaa kwenye ngozi na jua likavipiga, ngozi huungua, ikatoa malengelenge, na pale palipoungua hubaki doa jeusi kuliko lile lililokuwa linatibiwa. Nilimwona msichana aliyekamua ndimu za achari mchana, akakaa juani bila kunawa vizuri. Michirizi ya maji ya ndimu ilionekana mkononi mwake kama imechorwa kwa wino, na ilichukua miezi kufifia. Sasa fikiria uso, na fikiria mtu anayekwenda sokoni asubuhi.

Binti yangu wa Chumbageni, madoa ya ujauzito huchochewa na homoni na huzidishwa na jua. Kwa baadhi ya wanawake hufifia yenyewe baada ya kujifungua, kwa wengine hukawia. Kitu kitakachokusaidia kuliko krimu yoyote ya jikoni ni kuukinga uso na jua kila siku, kwa mtandio, kwa mwavuli, na kwa krimu ya kuzuia jua iliyotengenezwa kiwandani na kupimwa. Hiyo ya kuzuia jua usijaribu kuitengeneza mwenyewe, kwa kuwa hapana jikoni panapoweza kupima kinga yake, na mafuta ya nazi hayatoshi kuwa kinga.

Kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni kile kikopo kisicho na jina. Krimu inayong'arisha uso kwa siku chache kisha ikaacha ngozi nyekundu, nyembamba na yenye kuuma, mara nyingi ina zebaki, haidrokwinoni au dawa za jamii ya steroidi, vitu ambavyo havitakiwi kuwemo katika vipodozi vinavyouzwa nchini. Zebaki haikai usoni tu, inapenya mwilini na kudhuru figo, na mtoto mchanga anayembusu mama yake naye anaipata. Ikiwa uso bado unawasha au unawaka, nenda hospitali ukamwone mtaalamu wa ngozi, na kama kikopo unacho kibebe. Usiione aibu. Aliyeuza ndiye wa kuona aibu.

Na mshubiri wako usiutupe. Kata jani, lisimamishe upande uliokatwa ukiwa chini kwa robo saa ili ule utomvu wa njano utoke wote, kwa sababu huo ndio unaowasha. Osha, menya, paka ute wake siku hiyo hiyo, na kinachobaki kimwage kama alivyosema bibi wa Pangani. Chochote kipya, hata kiwe cha nyumbani, kipake kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili kabla hujakipeleka usoni.

Fundi Sabuni, Dunda (Bagamoyo)

Naongeza kuhusu kuuza, kwa kuwa aliuliza na hajajibiwa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko kwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na krimu ya uso ni kipodozi hata kama imetengenezwa uani. Anzia SIDO ya mkoa, ambayo kazi yake tangu 1973 ni kuwahudumia wenye viwanda vidogo kama sisi. Watakuonyesha njia ya kufika TBS na namna ya kuandika lebo. Kwa sasa wape wenzako wa kikoba maarifa, usiwauzie makopo. Wakae pamoja nawe siku moja, kila mmoja apime nta yake na kuondoka na kikopo chake. Mimi ningeanza hivyo laiti ningalikuwa na wa kuniambia.

Binti wa Chumbageni, Tanga

Sijui niwashukuruje. Bibi wa Pangani, shikamoo. Nilikuwa naepua mapema. Nilipopika tena juzi nikasubiri, sufuria ilinyamaza kweli, na mafuta yaliyotoka ni meupe kama maji ya kisimani, si yale yasiyo angavu niliyoyazoea. Hayo nimeyaweka kwa ajili ya nywele na mwili wa mtoto.

Makopo yote mawili nimeyamwaga, na wifi ameacha kupaka chochote isipokuwa maji. Vipele vimeanza kukauka. Nta nimeipata kwa mama mmoja wa soko la Mgandini anayeitoa Handeni, ilikuwa nyeusi inanuka moshi, nikaichuja mara mbili ikabaki na rangi ya asali na harufu nzuri. Nimetengeneza gramu 10 kwa 60 za mafuta ya alizeti. Nimepaka ndani ya kiwiko tangu jana asubuhi na hakuna kilichotokea, lakini nitangoja hadi kesho kama nilivyoagizwa. Kliniki ya ngozi nakwenda Jumatatu, na kile kikopo nimekikuta nyuma ya kabati, nimekifunga kwenye mfuko mbali na mtoto.

Swali langu la mwisho ni dogo. Mafuta ya nta yamekuwa na chembechembe kama sukari ninapoyasugua, ingawa juu yanaonekana laini. Je, nimeharibu?

Fundi Sabuni, Dunda (Bagamoyo)

Hujaharibu, dada. Ulipomimina mafuta ya baridi juu ya nta ya moto, au yalipoachwa yapoe polepole mno, nta iliganda vipande vipande. Rudisha bakuli juu ya mvuke, yayeyuke yote mpaka yawe angavu na usione hata uzi mmoja wa nta, epua, kisha koroga taratibu ukiwa umelikalisha bakuli ndani ya beseni la maji baridi, na maji ya beseni yasifike ukingoni. Yakianza kuwa mazito kama uji mwepesi, mimina.